Parebrize ya pikipiki: pima kwanza, kata kisha

Wengi wenu munajua: tangu nilipomaliza masomo, ninaendesha pikipiki ya abiria hapa Lubumbashi nikingoja kazi. Muji wetu uko juu, karibu metre 1,200, na baridi ya asubuhi ya Juni na Julai inaingia mpaka mu mifupa. Njo sababu niliweka parebrize kubwa. Mi nilizani kipande kikubwa kitanikinga vizuri zaidi.

Asubuhi moja nilibeba mama mmoja kuenda soko ku Ruashi. Jua likatoka mbele yetu. Plastiki ilikuwa imejaa mikwaruzo, na kila mukwaruzo ukashika mwangaza. Mbele yote ikawa nyeupe.

"Manseba, mutoto!"

Nilifunga breki. Mutoto mwenye bidoni ya maji alikuwa hatua mbili tu mbele ya gurudumu. Hatukumugusa. Mama akashuka, akaniangalia: "Baba, unaonaka kweli?" Sikuwa na jibu.

Siku ile nilielewa kwamba parebrize ya pikipiki si dirisha. Macho yanapaswa kupita juu yake, si ndani yake.

Upepo ukigonga plastiki unapanda na kuruka ukingo wa juu. Ukingo ukifika usawa wa pua yako, upepo mwingi unapita juu ya kofia, na macho yanabaki na njia wazi. Ukiwa chini sana, upepo wenye kuzungukazunguka unagonga kofia: kelele, kichwa kinatikisika. Na ukubwa nao una bei yake. Tulisoma fizikia, tukapita mutihani, tukaiacha mu kitabu: mwendo ukitoka 30 kufika 60, nguvu ya upepo haiongezeki mara 2, ni mara 4. Parebrize kubwa yenye kushikwa ku usukani inavuta usukani wenyewe.

Basi, hivi njo nilifanya nyumbani.

Kwanza, kaa ku pikipiki vile unakaa kila siku, kofia kichwani. Mwenzako asimame pembeni, aweke alama usawa wa pua yako. Usijipime peke yako, juu utajinyoosha bila kujua.

Pili, kata mufano wa karatoni mbele ya kugusa plastiki. Ufunge ku pikipiki, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kuume mpaka mwisho. Usiguse tangi wala kamba za breki. Karatoni ikikosewa, unatafuta ingine bure.

Tatu, kata pole pole na musumeno wa meno madogo, plastiki ikiwa imebanwa kati ya mbao mbili. Vaa miwani. Kisha lainisha ukingo na musasa, juu ukingo mukali ni kisu siku ya kuanguka.

Ine, toboa matundu na ubao chini yake, bila kusukuma. Tundu lipite visi kidogo: plastiki inatanuka mu joto la Oktoba. Weka vipande vya mupira wa ndani wa tairi la zamani pande zote mbili, na usikaze sana. Kipande changu cha kwanza kilipasuka hapo hapo, paka juu nilikaza kwa nguvu.

Mambo mawili ya kuepuka. Usisafishe na esanse: inaweza kula plastiki na kuleta nyufa. Maji, sabuni na kitambaa laini vinatosha. Na usikunje plastiki juu ya mbabula: joto la makala si sawa pande zote, inatoa mapovu, na utaona kupitia mapovu yale kila siku.

Ufa mudogo ukitokea, toboa katundu kadogo ku mwisho wake ili usiendelee. Lakini plastiki ikiwa na mikwaruzo mbele ya macho, usiitafutie dawa. Ishushe ao itoe.

Sasa baridi inanipiga kidogo ku paji la uso. Nimekubali. Mama yule alipanda tena kwangu wiki iliyopita. Aliangalia parebrize, akaangalia mimi, akakaa.

Wewe mwenye kuendesha: kesho asubuhi, geukia jua ukiwa umesimama. Unaona nini?