Kibanda Juu ya Ziwa Lililoganda

Usiku wa Januari juu ya ziwa Mille Lacs, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, kitu chenye joto kupita vyote vimzungukavyo mvuvi, ukiondoa mwili wake na moto wake, ni maji yaliyo chini ya nyayo zake. Hewa ya nje yaweza kushuka hata nyuzi 30 za Sentigredi chini ya sifuri, ilhali maji yagusayo upande wa chini wa barafu husimama kwenye sifuri yenyewe, na yale ya kilindini hukaribia nyuzi 4, kwa kuwa maji yana tabia ya ajabu ya kufikia uzito wake mkubwa kabisa katika kiwango hicho, yakazama, na kuyaacha yaliyo baridi zaidi yaelee juu na kugeuka barafu. Lau si tabia hiyo, ziwa lote lingalipoa sawia mpaka chini, na samaki wangalikuwa na majira mazito kuliko hayo waliyo nayo.

Barafu ikiwa na unene wa inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, humchukua mtu aendaye kwa miguu. Mvuvi huitoboa kwa keekee kubwa, akapata tundu lisilozidi upana wa sahani, akateremsha mshipi na chambo, kisha akaketi. Kuketi huko ndiko kwenye shida, maana atembeaye hupata joto kwa kutembea, lakini mwenye kungoja samaki kwa saa sita hana budi kuletewa joto na kitu kingine. Siku hizi Wakenya wengi wamefanya maskani mjini Minneapolis, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka ziwani, na si ajabu mmoja wao akaalikwa na jirani kwenda kukaa katika kibanda cha kuvulia juu ya barafu, kiwe cha hema au cha mbao. Basi na ajue anakokwenda.

Mgeni hudhani kwamba dawa ya baridi ni moto mkubwa. Mwenyeji huanza na ukuta. Hema la kitambaa kimoja hupitisha joto nje kama kapu lipitishavyo maji, kwa hiyo mahema mazuri hushonwa tabaka mbili, na katikati yake hutiwa kitu chepesi chenye kushika hewa, mfano wa mfarishi. Pindo za hema huachwa ndefu zitandae juu ya barafu, na juu yake hurundikwa theluji, ambayo, ingawa yenyewe ni baridi, huzuia upepo na kushika hewa ndani yake kama pamba. Chini hutandikwa magodoro membamba ya sponji yaliyokatwa mahali pa tundu. Pasipo hayo, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, mtu hujikuta kichwa chake kiko katika joto la Mombasa na miguu yake ingali Minnesota. Ndiyo maana wengine hutundika feni ndogo darini, si ya kuleta ubaridi, bali ya kuisukuma hewa ya joto irudi chini. Wenye vibanda vya mbao vikaavyo ziwani majira mazima huviinua juu ya magogo, kusudi joto lisiyeyushe barafu chini yake, nayo ikaganda tena na kukishika kibanda.

Ndipo uje moto. Wengi hutumia jiko la gesi la mtungi, nalo lina ila mbili. Ya kwanza ni unyevu: kilo 1 ya gesi hiyo, propani, ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, nao, usipopata pa kutokea, hushika darini, ukawa sakitu, kisha ukadondoka shingoni mwa mvuvi na kulowesha nguo zake, na nguo mbichi ni adui mkubwa kuliko baridi yenyewe. Jiko la kuni lenye dohani halina aibu hiyo, kwani hupeleka mvuke wake nje.

Ya pili ni mauti. Sisi tunaijua, maana ndiyo iletwayo na jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi na mlango ukafungwa. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hupata kichefuchefu, akaona usingizi, na usingizi huo huudhania ni wa uchovu. Kwa hiyo kibanda kilichozibwa kwa bidii hiyo yote lazima kitobolewe kwa makusudi: tundu moja chini la kuingiza hewa, lisifukiwe na ile theluji ya pindoni, na moja juu la kutolea, na pia kiwekwe king'ora cha kuitambua gesi hiyo. Joto litakalopotea kwa njia hiyo ni ushuru, na wavuvi wazoefu huulipa bila kunung'unika.

Wao hawatafuti kuvua mashati. Huridhika wakiweza kuvua koti na glavu, na kipimo chao kiko miguuni: utando mwembamba wa barafu ukijifunga upesi juu ya tundu la samaki, wajua kwamba huko chini bado kunaganda, hata kama masikio yao yana joto; lakini wakiutoa kwa upawa wenye matundu nao usirudi, huegemea kiti, wakaushika mshipi.