Matope ya Athi Yalivyoandikwa Kwenye Matumbawe ya Malindi

Msomaji wa Kware, Kitengela, anauliza: vumbi la machimbo ya mawe likishasombwa na mvua huishia wapi? Huingia Mto Athi, ambao ukishapokea maji ya Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani Sabaki, kisha humwagika baharini kaskazini mwa Malindi, jirani na hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968. Kwamba matope huyanyima matumbawe mwanga kila mtu anajua, tuliache. Linalonivutia ni kuwa matumbawe yenyewe yameweka rekodi ya mto huu kwa miaka 300, na rekodi hiyo naiamini kuliko maji yaliyochotwa kwenye chupa siku moja.

Siri ni bariamu, elementi inayonata kwenye chembe za udongo. Chukulia chembe hiyo ni matatu na bariamu ni abiria aliyepandia Kitengela. Mtoni hakuna chumvi ya kutosha kumsumbua, kwa hiyo anakaa kitini pake hadi mlangoni mwa bahari. Stejini pale pamejaa umati wa sodiamu na magnesiamu. Wanapanda kwa fujo, na bariamu anasukumwa nje. Matatu huzama na abiria wapya. Bariamu, sasa ameyeyuka majini, anafika kwenye matumbawe, ambayo hujenga mifupa yake kwa kalsiamu. Na kwa kuwa elementi hizi zina tabia za kindugu, naye hujengewa humo humo. Mifupa hiyo huongeza mkanda mmoja kila mwaka (“pete” sikubali, maana haizunguki kitu). Mwaka wa matope mengi, mkanda huwa na bariamu nyingi.

Mtafiti Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha usomaji wa mikanda ya Malindi mwaka 2007. Kutoka 1700 hadi 1900 mstari wa bariamu umetulia. Baada ya hapo unapanda, na kati ya 1974 na 1980 matope yalifika mara 5 hadi 10 ya kiwango cha asili. Atasema mtu kwamba ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulichangia. Ulichangia, lakini ukame haukuzaliwa karne ya 20. Kilichokuwa kigeni ni wingi wa watu, misitu kufyekwa na ardhi kutumiwa bila mpango. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bariamu haina kitambulisho: haisemi imetoka Kajiado au Machakos, wala haihesabu plastiki na majitaka ya Nairobi. Ndiyo maana kupima Malindi peke yake ni kupima kwa kuchelewa. Vipimo vianzie kwenye vijito vya Kitengela, tena masika, siku ambayo maji yamegeuka rangi.