Bagamoyo kwa Macho ya Mtalii



Parokia zetu huandaa safari ya Bagamoyo kwa namna moja tu. Basi linakodiwa, sare zinashonwa, kwaya inaimba njia nzima. Tukifika tunasali Rozari kwenye Groto, tunapiga picha chini ya mbuyu, tunakula pilau na kugeuza. Si vibaya. Lakini wapo waamini wanaokwenda wawili au watatu, bila sare, kama watalii, na baadhi yetu huwaona kama waliopoa katika imani. Sisi tunadhani mtalii asiye na haraka huona mambo ambayo hujaji wa basi huyapita.

Kwa anayetoka huku kwetu Magoma, njia ni Korogwe, Segera, kisha Msata, ambako unaiacha barabara ya Chalinze na kukunja kushoto kuelekea baharini.

Ukifika, anzia ufukweni, penye msalaba mkubwa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Unguja tangu 1863, na mwaka 1868 walivuka na kuanzisha misioni hapa wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Kutoka baharini tembea kwa miguu chini ya miembe mpaka misioni. Mbuyu wanaoupigia picha wote ulipandwa mwaka huohuo wa 1868. Mwongozaji atakuonyesha kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina, na kukusimulia habari za punda aliyefungwa hapo. Sikiliza, kisimulizi ni kitamu, ila usiishie hapo.

Mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa 1872, ndio uliopokea mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kwa miezi mingi kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. Livingstone hakuwa Mkatoliki. Mapadre walimpokea, mwili ukalala pale kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye London. Sisi hutazama zaidi upande wa wabebaji: watu ambao wangeweza kumzika porini wakaenda zao, wala hakuna ambaye angewauliza.

Makumbusho yamo katika nyumba ya zamani ya masista. Hapo tenga muda, hata saa mbili. Utaona minyororo, picha na habari za Kijiji cha Uhuru, walikokaa watu waliokombolewa utumwani. Na hapo ndipo mtalii anapaswa kuuliza swali ambalo katika hija hatuliulizi: walikombolewaje? Wengine walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza, wakakabidhiwa misioni. Wengine, hasa watoto, wamisionari waliwanunua kwa fedha sokoni Unguja, kabla soko hilo halijafungwa mwaka 1873. Mtoto aliyenunuliwa aliokoka, hilo halina ubishi. Lakini muuzaji naye alipata fedha yake. Na mtoto huyo hakuulizwa kama anataka kurudi kwao. Alifundishwa katekisimu, kazi ya shamba na ufundi, akikua akaozeshwa na kupewa makazi kijijini. Kwa wengi kwao kulikuwa mbali mno au hakupo tena. Mseminari anayejiandaa kuhubiri juu ya ukombozi avumilie kukaa na jambo hili bila kulirahisisha.

Ukitoka hapo pita makaburini. Utasoma miaka ya kuzaliwa na kufa ya wamisionari, wengi vijana kabisa, umri wa mafrateri wetu. Malaria haikuwangoja.

Mchana nenda mjini. Mji huu ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa na ulikuwapo kabla ya misioni, kwa hiyo vaa kwa heshima na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kule Kaole, kusini kidogo, kuna magofu ya misikiti na makaburi ya karne nyingi kabla ya Padre Horner. Sokoni kula samaki. Na ukiambiwa kila mzigo uliofika Bagamoyo ulibebwa na mtumwa, jua kwamba wapagazi wengi wa pembe walikuwa Wanyamwezi waliolipwa ujira. Kwao “bwaga moyo” yaweza kuwa kutua mzigo na kupumzika. Kwa aliyefungwa mnyororo, maana ilikuwa nyingine.

Safari yetu ya mwisho tulikuwa na mama mmoja Msambaa. Mbele ya minyororo aliuliza kama na watu wa milimani kwetu walipita hapa. Tulimweleza tunalolijua: baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, Wakilindi walipigana wao kwa wao, na Semboja wa Mazinde aliuza watu ili apate bunduki. Wengi walishukia Pangani, si Bagamoyo. Akauliza, “Kwa hiyo aliyewauza ni mtu wa kwetu?” Tukamjibu ndiyo. Hakusema neno tena. Alibaki amesimama pale mpaka dereva alipopiga honi.