Yara ya Pinki: Mbili Tu, Shosti

Tuanze na ubishi, tumalizane nao mapema. Ndiyo, pafyumu ya Yara imejaa kitaa. Mbagala ipo, Tandika ipo, Mwananyamala ipo, Manzese ndiyo imeota mizizi kabisa. Panda mwendokasi pale Magomeni asubuhi, humkosi aliyejipulizia. Sasa wameibuka masista du fulani wanabinua midomo: "Aah, ile ya kila mtu." Shosti, chipsi mayai nayo ni ya kila mtu, na sahani hujawahi kuirudisha. Mimi nasimama na Yara ya pinki. Kwa pafyumu ya kila siku, ya kuvaa Jumatatu bila sababu yoyote, mjini hapa sijaona wa kuitoa.

Mtihani wa pafyumu ya kila siku haufanyikii kwenye kiyoyozi cha Posta. Unafanyikia hapa: Dar, Januari, daladala ya Rangi Tatu imeshona, umeshika bomba, kwapa la jirani liko usawa wa pua yako, na konda bado anasema nyuma kuna nafasi. Harufu ni kitu kinachopaa, na joto ndilo linaloipandisha. Ngozi ikichemka, kila ulichopaka kinaruka hewani chap. Ndiyo maana pafyumu nzito ya sukari inayomkaa vizuri mtu wa London kwenye koti, hapa kwetu inageuka shambulio. Yara ni tamu, hilo halina mjadala, ila utamu wake ni laini. Haipigi kelele. Inapita, mtu anageuka, anajifanya anaangalia dirishani. Wewe unajua.

Masharti yapo, lakini. Mbili tu. Puliza mbili, funga kifuniko, weka chini. Wale wanaojimwagia kuanzia shingoni hadi magotini ndio wanaofanya kitu kizuri kionekane cha kishamba.

Haya, ndani kuna nini? Hii ni kazi ya Lattafa, watu wa Falme za Kiarabu, waliitoa mwaka 2020. Chupa ya pinki, mili 100. Ukipuliza tu unakutana na chenza, okidi na heliotropu, ua lile lenye upoda poda wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Chenza inasepa haraka. Jamii yote ya machungwa ndiyo tabia yake, ni nyepesi, inapaa dakika za mwanzo. Baada ya hapo yanaingia matunda ya nchi za joto na kautamu ka pipi, halafu chini kabisa wamelala vanila, miski na sandali. Hao watatu ndio wanaokaa na wewe mpaka mwisho. Kitaani wote wanasema ni stroberi na maziwa. Stroberi hata haimo kwenye orodha yao, ila pua yangu nayo inaisikia, na sibishani na pua yangu.

Vanila nayo ipewe heshima yake, maana watu wanaiona kitu cha aiskrimu tu. Vanila ni tunda la okidi. Ua lake linachanua siku moja, likipitiwa basi, na huku nje ya Meksiko halizai mpaka binadamu alichavushe kwa mkono. Aliyeonyesha namna ya kulichavusha fasta ni dogo wa miaka 12, Edmond Albius, mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841. Kijiti na kidole gumba, kazi imeisha. Mpaka leo mashambani Madagaska wanafanya vilevile, Uganda vilevile, na wakulima wa kwetu Kagera vilevile, ua moja moja. Ndiyo maana vanila ya shambani bei yake haishikiki, na pafyumu nyingi za bei zetu zinatumia vanilini ya maabara. Haina noma. Pua haiombi risiti. Ila ukinukia vanila, jua dogo mmoja mtumwa ndiye aliyeifungulia dunia nzima.

Wazee sasa. Jamani, wazee.

Pita sebuleni na Yara yako, bi mkubwa anauliza umejimwagia keki. Shangazi anadakia kwamba mwanamke ni udi. Mshua anakohoa kwa makusudi kabisa, anafungua dirisha, anamuuliza mtu asiyekuwepo siku hizi watoto wamekuwaje. Hawa ndio watu waliokuwa wakitikisa kopo la marashi ya Yolanda wakajiona wamefika Ulaya. Udi ni mali, sijakataa, harusini unaua kabisa. Lakini ujifukize udi alfajiri unaenda kwenye pepa pale chuoni DUCE? Msimamizi ataanza kutafuta maulidi inasomwa wapi. Na kinachonimaliza mimi ni kimoja: ile sandali iliyolala chini ya Yara ni ukoo mmoja na liwa wanayosingwa maharusi wao. Wanamponda ndugu yao wa damu na hawajui.

Mpunga. Hapa ndipo Yara inapowatoa watu nishai. Ile Baccarat Rouge 540 ya Wafaransa, ambayo kila mtu mtandaoni anajifanya anayo, kichupa cha mili 70 kinavuka dola 300. Dola mia tatu! Hiyo ni kodi ya chumba Mbagala kwa miezi, na chenji ya feni inabaki. Yara ya mili 100 haifiki hata robo ya hapo. Bado inauma kidogo, hasa mwezi ukiwa kwenye kona, lakini ni maumivu ya mara moja. Ukienda na mbili zako kwa siku, chupa inakaa hadi unaisahau bei.

Ukikuta Kariakoo mtu anakuuzia "orijino kabisa dada" kwa buku kumi, usisimame. Tabasamu, tembea. Feki zipo kibao na zingine zimevaa vizuri kuliko orijino. Angalia boksi: nailoni imebana au imelegea, maandishi yamekaa sawa au yanacheza. Geuza chini, namba ya toleo kwenye boksi ilingane na ya kwenye chupa. Puliza: orijino inatoka ukungu mwembamba, kimeo kinakutemea matone. Na feki inajiuza yenyewe baada ya nusu saa, chenza imekata, chini hakuna mtu, umebaki na spiriti ya zahanati. Kununua feki ukijua na kusema ni orijino, hiyo ndiyo aibu ya mwaka. Watu wana pua, shosti.

Mfuko umekaza? Kachukue ya kupima. Maduka ya mafuta yapo kila kona, unapimiwa ka-mili kako kwenye kichupa cha roli. Haisambai kama ya kupuliza, inakaa karibu na ngozi, anayeisikia ni yule uliyemkaribisha. Mimi hilo nalipenda. Usiipake tu kwenye blauzi nyeupe, mafuta yanaacha doa na sabuni haina la kulifanya. Na mtu akikuuliza, sema ya kupima. Kifua mbele.

Kuvaa kwenyewe kuna akili yake. Oga kwanza. Narudia kwa sababu kuna watu: oga kwanza. Kupulizia juu ya jasho hakuzalishi harufu nzuri, kunazalisha kesi. Ukitoka bafuni paka mafuta yasiyo na harufu, ngozi kavu inakunywa pafyumu na kuisahau. Moja ya shingoni, moja ya nguoni. Usisugue shingo kama unawasha moto, mpulizo unatulia wenyewe. Hesabu imefika mbili? Umemaliza. Rudisha mkono.

Sasa niseme na upungufu wake, kwa sababu naipenda na nataka iheshimiwe kwa haki. Kwenye ngozi haikai kiivyo. Jua la mchana likishakupitia Kilwa Road, jioni imebaki miski ya kunong'ona, unaisikia ukiinamisha kichwa tu. Kwenye nguo ni hadithi nyingine, mtandio unaulaza kabatini na asubuhi bado unanukia. Dawa ni kichupa kidogo cha kupulizia ndani ya pochi, mili 5 zinatosha, unapiga moja kabla ya kutoka kazini. Chupa nzima usitembee nayo. Ikidondoka ndani ya bajaji utalia wewe, na dereva ataokota abiria kwa harufu yako wiki nzima.

Familia ya Yara nayo imekuwa kubwa, wanazaana tu. Moi ya nyeupe ni ya mtu mtulivu, ina pichi na karameli, inafaa siku ya usaili. Candy ni ya madogo wa fomu four waliomaliza mtihani. Tous, ya rangi ya chungwa, ndiyo inayoleta fujo kwangu: embe, nazi, pesheni, na vanila chini. Jioni ya Coco Beach inatisha. Mchana wa Temeke, nazi inakuwa nzito, inakuchosha wewe mwenyewe kabla ya jirani.

Kwa hiyo bumu likitoka, chukua pinki. Tous tutaongea Desemba, maembe yakishajaa barabarani, na tutaongea jua likishazama.