Bunduki ya Bei Nafuu Nyumbani: Je, Huilinda Familia?

Mkazi wa Kamembe huishi akiutazama mpaka. Usiku taa za Bukavu huonekana ng'ambo ya maji, na vita vinapozuka upande ule, habari zake huvuka daraja la Rusizi kabla ya wakimbizi wenyewe kuvuka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1996, ikawa tena mwaka 2004, na tena Februari 2025 mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa kundi la M23. Nyakati kama hizo si ajabu mkuu wa kaya kujiuliza: je, haingekuwa busara kuwa na bunduki moja ya bei nafuu, itakayofaa kwa mwizi, kwa mnyama na kwa dharura yoyote? Swali hilo ni halali, wala halistahili kujibiwa kwa karipio. Makala haya yanalijibu kwa sheria, kwa hesabu ya gharama na kwa hali halisi ya nyumba zetu.

Tuanze na sheria. Nchini Rwanda silaha za moto husimamiwa na Sheria Na. 56/2018 ya tarehe 13/08/2018 kuhusu silaha. Msingi wake ni kwamba hakuna raia anayeruhusiwa kununua, kumiliki, kubeba, kuhifadhi au kuingiza nchini silaha ya moto bila kibali cha mamlaka husika. Kibali hicho si karatasi ya kutafutwa baada ya kununua, hutangulia silaha. Tena kibali hakivuki mpaka. Silaha iliyo halali katika nchi moja huwa haramu pindi inapopita darajani bila idhini ya nchi ya pili, na anayembebea mwenzake mzigo asioujua ndani yake hujiweka katika hatari hiyo hiyo.

Juu ya sheria hiyo kuna ahadi ya kanda nzima. Tarehe 21 Aprili 2004, mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, yakiwemo Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda, Tanzania na Kenya, yalitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na silaha nyepesi. Miongoni mwa mambo yaliyokubaliwa ni kuwapiga raia marufuku kabisa kumiliki bunduki za rashasha na zile zinazojipakia risasi zenyewe baada ya kila mlio. Hizo ndizo bunduki ambazo watu huziita za kazi zote. Kwa hiyo anayetafuta bunduki ya namna hiyo kwa bei nafuu hatafuti kitu adimu dukani; anatafuta kitu ambacho nchi za kanda hii zilikubaliana kisiwe mikononi mwa raia.

Hebu sasa tuiangalie hiyo bei nafuu yenyewe. Itifaki hiyo hiyo inazitaka nchi kuzitia silaha alama, ili ijulikane ilikotoka na aliyekabidhiwa. Bunduki inayouzwa kwa siri huwa imetoka katika ghala lililoporwa, kwa askari aliyetoroka au kwa mhalifu anayetaka kuondoa ushahidi nyumbani mwake. Mara nyingi namba yake imekwanguliwa. Mnunuzi hajui imemuua nani, wala imetumika katika unyang'anyi gani. Siku itakapopatikana chini ya kitanda chake, yeye ndiye atakayeulizwa habari za damu ya watu asiowajua. Aliyemwuzia naye hubaki na siri ya kumtishia nayo wakati wowote apendao. Bei ya kweli ya bunduki hiyo, basi, haikuwa ile iliyotajwa gizani.

Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba silaha imepatikana. Je, ingeilinda nyumba? Risasi ya bunduki ya kivita ya aina ya Kalashnikov hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 700 kwa sekunde, yaani mara mbili ya kasi ya sauti. Mlango wa mbao hauizuii, bati haliizuii, na ukuta mwembamba wa miti na udongo si kinga ya kutegemewa. Kamembe imejengwa juu ya miteremko, nyumba zikikaribiana, paa la mmoja likiwa usawa wa mlango wa mwingine. Risasi iliyomkosa mwizi gizani haipotei. Huendelea na safari yake hadi chumba cha watoto wa jirani. Aliyeifyatua hawezi kuirudisha.

Lipo pia tatizo la mahali pa kuiweka. Bunduki ikifungiwa kabatini, risasi zikawekwa mbali nayo kama usalama unavyotaka, mvamizi atakuwa amekwisha kuingia kabla mwenye nyumba hajaipata funguo. Ikiwekwa karibu na kitanda, imejaa risasi, mtoto ataigundua, au mtu aliyeghadhibika katika ugomvi wa ndani ataifikia upesi kuliko akili yake. Nchini Marekani, ambako mamilioni ya kaya zina silaha, utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na daktari Arthur Kellermann na wenzake uliwahusu watu waliouawa majumbani mwao katika wilaya 3. Ulionyesha kuwa nyumba yenye bunduki iliambatana na hatari ya mtu kuuawa humo takriban mara 2.7 ya nyumba isiyo nayo, na sehemu kubwa ya waliohusika na mauaji walikuwa ndugu au watu waliofahamiana na marehemu. Hapa kwetu kuna jambo la kuongeza: uvumi wa kuwepo bunduki nyumbani ni mwaliko kwa majambazi, kwani bunduki yenyewe ni mali wanayoitafuta.

Neno dharura nalo linahitaji kupimwa. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi liliitikisa Rusizi na Nyamasheke pamoja na Bukavu. Upande wa Rwanda zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, na wengine walikuwa kanisani. Siku hiyo kilichohitajika kilikuwa mikono ya kuinua kifusi, machela, maji safi na mtu anayejua kuzuia damu isiendelee kutoka. Maporomoko ya udongo, radi, moto wa jikoni na ajali za mitumbwi ziwani ni dharura za namna hiyo hiyo. Hakuna hata moja inayotulizwa kwa risasi.

Wapo watakaosema: fimbo ya mbali haiui nyoka; polisi wako kituoni na mwizi yuko mlangoni. Methali hiyo ni ya kweli, ila fimbo ya karibu ni jirani. Kaya za isibo moja zikikubaliana ishara, kwa mfano filimbi au kupiga sufuria mara kadhaa, mvamizi hukutana na milango kumi ikifunguliwa badala ya mmoja. Wahalifu wengi hutegemea giza na ukimya; vikiondolewa, hukimbia. Kwa gharama ndogo sana kuliko silaha yoyote, kaya inaweza kufanya haya:

Kwanza, kutia komeo imara kwa ndani na kufuli nzuri, na kuimarisha fremu ya mlango, maana mara nyingi hiyo ndiyo huvunjika kabla ya kufuli.

Pili, kuwasha taa ya nje, hata ile ndogo ya nishati ya jua, na kufyeka vichaka vinavyoukaribia ukuta.

Tatu, kuchangia na kushiriki irondo la usiku, na kumjulisha kiongozi wa umudugudu kila mgeni anayelala nyumbani.

Nne, kuweka mahali pamoja tochi, filimbi, simu yenye chaji, nakala za vitambulisho na dawa za huduma ya kwanza, na kila mtu nyumbani ajue zilipo.

Tano, kuwafundisha watoto namba zinazopigwa bila malipo: 112 kwa dharura ya polisi, 111 kwa moto na 110 kwa ajali za majini. Anayepiga ataje kwanza mahali alipo, kisha tukio, kisha idadi ya watu walio hatarini. Kadiri maelezo yanavyokuwa mafupi na sahihi, ndivyo msaada unavyowahi kufika.

Mwisho, kuna wale ambao silaha tayari iko nyumbani: bunduki iliyoachwa na marehemu, risasi zilizookotwa shambani, guruneti lililofukuliwa na jembe. Hao wasizihamishe, wasizisafishe, wala wasizipeleke kituoni kwa mikono yao. Waweke alama ya kuonekana kwa mbali, wawazuie watoto na mifugo, kisha wapige 112 au wamwarifu kiongozi wa umudugudu ili wataalamu wafike. Tangu mwaka 2017 Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, ukitangaza kuwa anayefanya hivyo asifichuliwe, asidhalilishwe wala asishitakiwe. Lakini guruneti halisubiri Septemba. Ukiliona leo, toa taarifa leo; na kama mtu anakunong'oneza kuhusu bunduki ya bei nafuu ng'ambo ya daraja, mkatae, kisha tuarifu kabla hajampata jirani yako.