Teke la bastola: kununua vipande vya kulipunguza, ao kufundisha mkono?

Marekani, mtu anayenunua bastola ya milimita 9 anakuta dukani vipande vingine vingi vya kuiongezea: resori mpya, fimbo nzito ya kuongoza resori, mpira wa kupokea mshindo, na kile kichwa chenye matundu kinachofungwa mbele ya mtutu, kinachoitwa kompensata. Ahadi ya vyote ni moja: bastola haitaruka sana mkononi.

Kwa mwanamichezo, hilo ni jambo la kuongeza alama. Lakini kwa polisi, mlinzi ao mwenye nyumba aliyenunua bastola kwa kujilinda, swali ni zito zaidi. Kipande kinacholainisha teke kinaweza pia kuifanya bastola ikwame baada ya sasi la kwanza. Polisi ya upelelezi ya FBI ilihangaika na swali la teke kwa karibu miaka 30.

Miami, tarehe 11 Aprili 1986

Siku hiyo, maajenti 8 wa FBI walipambana na wanyang'anyi wawili wa benki katika mji wa Miami. Maajenti wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Wanyang'anyi wote wawili walikufa, lakini mmoja wao aliendelea kupiga kwa muda mrefu, hata kama sasi la milimita 9 lilikuwa limeingia kifuani mwake mapema. Lilikomea kabla ya kufika kwenye moyo.

FBI ililaumu sasi hilo, ikachagua lenye nguvu zaidi: la milimita 10. Muda si muda, shida ikaonekana. Teke lilikuwa kali, na maajenti wengi walishindwa kulitawala. FBI ikaomba sasi lilelile lipunguzwe mwendo. Kiwanda cha Smith & Wesson, pamoja na Winchester, wakaona kwamba baruti ikipungua, nafasi inabaki ndani ya ganda. Wakalifupisha, na mwaka wa 1990 likazaliwa sasi la .40 S&W, ambalo polisi nyingi za Marekani zililipokea.

Hata hilo lilionekana kuwa na teke kuliko inavyohitajika. Mwaka wa 2014, kitengo cha mafunzo cha FBI kiliandika kwamba masasi mapya ya milimita 9 yanaingia mwilini sawa na yale makubwa, na kwamba maajenti walio wengi wanayapiga haraka zaidi na kwa shabaha bora. FBI ikarudi kwenye milimita 9.

Tuone vizuri kilichofanyika. FBI haikutafuta dawa kwenye vipande vya kuongeza. Ilibadilisha sasi.

Teke ndilo linaloendesha bastola

Sasi la milimita 9 lina uzito wa gramu 8 hivi, na linatoka kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde. Linapokwenda mbele, bastola inasukumwa nyuma. Bastola ya plastiki iliyojaa masasi, yenye gramu 900 hivi, inarudi kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde. Ya chuma yenye kilo 1 na gramu 300 inarudi kwa mita 2 na kidogo. Ndiyo maana bastola nzito ni tulivu. Na kwa kuwa mtutu uko juu ya mkono, msukumo huo unainua mdomo wa bastola.

Lakini msukumo huohuo ndio unaofanya kazi yote ya ndani. Katika mfumo wa John Moses Browning, Mmarekani aliyefanya kazi na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, na kufia hukohuko mwaka wa 1926, mtutu na chuma cha juu vinarudi nyuma pamoja kwa milimita chache. Kisha mtutu unashuka, chuma kinaendelea peke yake, kinatupa ganda tupu, resori inakirudisha mbele, nacho kinaokota sasi lingine kutoka kwenye shajeri. Bastola ya GP35, ambayo jeshi la Ubelgiji lililibeba kwa miaka mingi, inafanya kazi hivyo. Bastola nyingi za kivita na za polisi za leo vilevile.

Kwa hiyo, anayegusa teke anagusa mashine yenyewe. Ukilipunguza kupita kiasi, chuma hakifiki mwisho wa safari yake, ganda linabanwa, na bastola inanyamaza.

Kila kipande na deni lake

*Resori ngumu.* Wengi wanafikiri inameza teke. Haifanyi hivyo. Inapunguza kasi ya chuma kinaporudi nyuma, kisha inakirudisha mbele kwa nguvu zaidi, na mdomo wa bastola unainama. Ukitumia masasi dhaifu ya mazoezi, chuma kinaweza kushindwa kutupa ganda. Resori laini nayo inaacha chuma kigonge mwili wa bastola kwa nguvu.

*Fimbo nzito.* Inaongeza uzito mbele, chini ya mtutu. Haina hatari kubwa, lakini faida yake ni ndogo pia.

*Mpira wa kupokea mshindo.* Unafupisha safari ya chuma. Ukichakaa, unapasuka, na vipande vyake vinaweza kuingia ndani ya mashine.

*Kompensata.* Hii ndiyo yenye matokeo ya wazi: inarusha gesi ya baruti juu, na gesi hiyo inasukuma mdomo chini. Lakini inahitaji gesi nyingi, na sasi la kawaida la milimita 9 halitoi nyingi. Uzito wake kwenye mtutu unaweza kudai resori laini zaidi. Kelele inaongezeka, mwako wa usiku unapanda mbele ya macho, na mfuko wa zamani wa bastola unaweza usifae tena. Anayepiga bastola ikiwa karibu na kifua anaweza kupokea gesi usoni.

Kuna pia sheria. Katika jimbo la California, bastola yenye shajeri ya kutoa ikiwekewa mtutu wenye nyuzi za kufungia vitu mbele inaweza kuhesabiwa kama silaha ya kivita iliyokatazwa. Kwetu Congo, silaha na masasi vinaongozwa na Amri-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985.

Uwanja wa michezo si barabara ya usiku

Katika mashindano ya IPSC, shirika lililoundwa Marekani mwaka wa 1976, kundi la Open linaruhusu kompensata. Kundi la Production linazikataa. Wa Open wanachagua baruti, resori na kompensata vinavyopatana. Bastola ikikwama, mchezaji anapoteza sekunde na alama. Anayejilinda usiku hana sekunde hizo za kupoteza.

Viwanda vyenyewe vimejaribu kuleta suluhisho lililokamilika. Heckler & Koch wa Ujerumani waliweka kifaa cha kupunguza mshindo ndani ya bastola yao ya USP mwaka wa 1993, na Glock walitengeneza bastola zenye matundu yaliyotobolewa kiwandani. Tofauti ni kwamba hapo mwenye kiwanda ndiye aliyepima resori, uzito na sasi pamoja.

Kuanzia wapi?

Mwenye bastola ya kujilinda aanze na vitu visivyogusa mashine. Kwanza, namna ya kushika: mikono miwili juu kabisa kwenye mpini, kifundo kimekaza. Kifundo kilicholegea peke yake kinaweza kuikwamisha bastola nzima. Pili, resori iliyochoka ibadilishwe kwa ileile ya kiwanda. Tatu, ajaribu sasi lenye teke dogo, kama FBI walivyofanya. Feza za kompensata moja zinaweza kununua masasi mamia ya mazoezi.

Na akiamua kuongeza kipande, asikiamini mpaka bastola imepiga mamia ya masasi yale atakayobeba kweli, bila kukwama hata mara moja. Ikikwama, arudishe kipande cha kiwanda. Bastola inayoruka lakini inapiga kila mara ni bora kuliko ile tulivu inayonyamaza siku ya hatari.