Kabla ya kumpelekea mama paka au mbwa, muulize kwanza

Arobaini ya baba ikishapita, watoto hukaa barazani na kuulizana swali lisilokwepeka: mama atabaki na nani? Wajukuu wako shule, dada wa kazi hataki kukaa kijijini, na mama mwenyewe hataki kusikia habari za kuhamia Dar es Salaam. Hapo mmoja husema, "Tumletee mbwa." Wiki mbili baadaye mbwa anafika ndani ya boksi, na mama hajaulizwa.

Wazo lenyewe si baya. Mzee anayesubiriwa na kiumbe kila alfajiri ana sababu ya kuamka na kutoka nje. Shida ni kwamba wengi huchagua mnyama wanayempenda wao, au wa kuwatuliza wenyewe kwa kuwa hawaendi nyumbani mara kwa mara, bila kuangalia magoti ya mama, macho yake na jinsi siku yake inavyokwenda.

Tuanze na magoti. Mtoto wa mbwa huruka, huvuta kanga na hupita katikati ya miguu. Mzee wa miaka 75 akianguka mara moja anaweza kuvunjika nyonga, na wengi wa umri huo hawarudi kutembea kama zamani. Kama nyumba inahitaji mlinzi, tafuta mbwa mzima, mpole, aliyezoea watu na aliyechanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo kubalianeni mapema nani ataikumbuka mwakani. Mzee aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo tu. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kuna na suala la ibada. Kwa bibi Mwislamu anayeswali swala tano, mate ya mbwa ni najisi, na kumletea mbwa ni kumwongezea kazi ya kufua na kuosha. Paka hana tatizo hilo, na ukipita Unguja au Tanga utawakuta wamejilalia kwenye baraza za watu bila wasiwasi.

Ila paka naye achaguliwe. Mwenye miaka miwili au mitatu ametulia kuliko kitoto cha paka kinachopanda mapazia. Awe wa rangi ya kung'aa, kwa sababu bibi mwenye mtoto wa jicho hamwoni paka mweusi kwenye sakafu ya saruji usiku. Kengele ndogo shingoni husaidia pia. Ahasiwe mapema, la sivyo mwaka hauishi nyumba haijajaa paka. Kama mama ana kisukari, miguu yake ikaguliwe mara kwa mara, maana anaweza kukwaruzwa asihisi.

Kasuku na kobe waacheni. Ni wanyamapori wanaohitaji kibali, na kasuku anaweza kuishi zaidi ya miaka 40.

Anayesahaulika ni kuku. Wapo watakaosema kuku ni kitoweo, si mnyama wa kumliwaza mtu. Hao hawajawahi kumwambia bibi amchinje tetea wake aliyempa jina. Matetea watatu wa kienyeji humpa mzee ratiba nzima: kufungua banda asubuhi, kumwaga pumba, kuokota mayai, kuwahesabu jioni. Mayai humletea majirani mlangoni, na mazungumzo huanzia hapo. Banda liinuliwe kufikia kiuno ili asiiname, na anawe mikono kwa sabuni kila akitoka kuwahudumia. Adui mkubwa ni mdondo, unaoweza kumaliza kuku wote kwa siku chache. Chanjo ya tone la jicho hutolewa kila baada ya miezi mitatu. Ongeeni na ofisa mifugo wa kata na mtu mmoja wa familia aweke tarehe hizo kwenye simu yake.

Jambo ambalo familia nyingi huliona aibu kulisema ni umri. Paka hufikisha miaka 15, na mama ana 78. Akilazwa hospitali wiki tatu, nani atamlisha? Siku asipokuwepo, paka ataenda kwa nani? Mwenye jibu atajwe kabla mnyama hajaletwa.

Na mama aulizwe, kwa upole, siyo mbele ya wageni. Anaweza kusema hataki mnyama yeyote, anachotaka ni mtu aje Jumapili. Akikubali, muombeni jirani paka wake au kuku wawili kwa wiki mbili, kisha mpigieni simu mama na kumsikiliza anawazungumziaje.